Fyuzi Haimlindi Mtu: Umeme katika Nyumba za Kale za Mwambao

Katika nyumba nyingi za kale za mwambao, kuanzia Lamu na Mombasa hadi Pangani na Mji Mkongwe wa Unguja, iko desturi ambayo mgeni huiona siku ya kwanza. Mbele ya jokofu huwekwa jozi ya ndara za mpira. Mtoto akitumwa maji baridi huambiwa azivae kwanza kabla hajaushika mlango, kwa maana jokofu lile "linapiga". Wakati wa kiangazi hupiga kidogo. Masika yakiingia hupiga sana. Watu wa nyumba wamekwisha kulizoea jambo hilo, na hata hulifanyia mzaha. Kwa kuwa hajafa mtu, haitwi fundi. Basi zile ndara, ambazo zilinunuliwa kwa ajili ya kuendea msalani, zimekuwa ndicho kifaa pekee cha kumlinda mtu na umeme kilichomo nyumbani humo.

Mwenye nyumba akiulizwa kama haogopi, hujibu kwamba fyuzi ipo. Mwanafunzi wa sekondari akiulizwa atajibu vivyo hivyo, na ataongeza maelezo: mkondo ukizidi, waya mwembamba wa fyuzi huyeyuka na umeme hukatika. Maelezo hayo ni sahihi kabisa. Walakini yule mwanafunzi anapotoka hapo na kuamini kwamba fyuzi ingemwokoa mama yake mbele ya jokofu, amelichukua somo la kweli na kulifanya imani ya uongo, na wa kulaumiwa si yeye. Vitabu humwambia kwamba fyuzi ni kifaa cha usalama pasipo kumwambia ni usalama wa nani. Fyuzi huulinda waya usishike moto. Mtu haimo katika hesabu yake.

Hesabu yenyewe haihitaji zaidi ya kanuni ya Ohm. Umeme unaoingia majumbani nchini Tanzania ni wa volti 230. Ukinzani wa mwili wa mtu hutegemea ngozi: mkono mkavu wenye sugu waweza kuwa na ukinzani wa omu makumi ya maelfu, lakini mtu aliyelowa, aliyesimama peku juu ya sakafu yenye maji, ukinzani wake hushuka hadi kiasi cha omu 1,000. Gawanya 230 kwa 1,000, upate ampea 0.23. Fyuzi ndogo kabisa ya taa ni ya ampea 5. Mkondo unaopita kifuani mwa mtu huyo haufiki hata sehemu ya ishirini ya ule unaohitajika kuisumbua fyuzi. Taa zitaendelea kuwaka, redio itaendelea kuimba, naye atakuwa amekwisha kufa.

Si lazima mkondo ufike ampea 0.23. Katikati ya karne iliyopita Charles Dalziel wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, aliwapima watu waliojitolea, wanaume 134 na wanawake 28, ili ajue ni mkondo wa kiasi gani unaomfanya mtu ashindwe kuuachia waya alioushika. Aliona kwamba kwa wastani wanaume walishindwa kwenye miliampea 16 hivi na wanawake kwenye miliampea 10 na nusu. Alipotafuta kiwango ambacho karibu watu wote wangeweza kuuachia waya, alipata miliampea 9 kwa wanaume na 6 kwa wanawake. Miliampea ni sehemu moja ya elfu ya ampea. Mkondo mdogo namna hiyo, usioweza kuwasha hata taa hafifu ya zamani, hukaza misuli ya vidole vya mtu mzima hata asiweze kuvifumbua. Mwalimu anayetaka darasa linyamaze na asome kwa sauti tarakimu hizo mbili: 6 kwa mtu, 5,000 kwa fyuzi ya taa.

Hapa mwanafunzi mwerevu atapinga. Atasema: jokofu lina waya wa ardhi. Waya wa moto ukigusa bati la jokofu, umeme utakimbilia ardhini kwa wingi, mkondo utakuwa mkubwa, na fyuzi itakatika kabla mtu hajafika. Ndivyo michoro ya vitabuni inavyoonyesha, na mahali penye ardhi nzuri ndivyo ilivyo. Lakini "ardhi" katika michoro ni mistari mitatu midogo isiyo na ukinzani wowote, hali ardhi ya mwambao ni kitu kingine. Miji mingi ya kale ya pwani imesimama juu ya mwamba wa matumbawe na mchanga. Fundi anapopigilia fimbo ya ardhi, mara nyingi hukutana na mwamba kabla fimbo haijazama yote. Wako mafundi ambao hapo huchukua msumeno wa chuma, wakakikata kipande kilichobaki juu, wakafukia, na mwenye nyumba akaona kazi imekwisha. Isipokuwa fimbo iwe imefikia maji ya chumvi yaliyo chini, ukinzani wa fimbo kama hiyo waweza kuwa omu makumi kadhaa, na ardhi ikikauka katika miezi ya Januari na Februari huzidi kupanda.

Tuseme ni omu 40. Waya wa moto ukigusa bati la jokofu, mkondo utakaokwenda ardhini ni 230 kugawanya kwa 40, yaani ampea 5.75. Fyuzi ya soketi ni ya ampea 15, na aghalabu katika nyumba hizi imekwisha kubadilishwa kwa nyuzi mbili tatu za waya uliosokotwa, hata hapana ajuaye itakatika kwa ampea ngapi. Fyuzi haitakatika. Bati la jokofu litabaki na karibu volti 230 mchana na usiku, likimngoja mtu. Na hilo si lote, maana ampea 5.75 kwa volti 230 ni zaidi ya wati 1,300 zinazopasha moto udongo uani bila kazi. Kwa siku moja ni zaidi ya uniti 31. Yuko mwenye nyumba anayelalamika kwamba mita yake inakula umeme kupita kiasi, kumbe anaulipia mchanga.

Mambo haya yangeweza kutokea popote. Yanayoifanya nyumba ya kale ya pwani iwe katika hatari kubwa kuliko nyumba ya kale ya Iringa ni hewa yake, na jambo hili lafaa kutazamwa kwa utulivu, kwa sababu ni kemia na fizikia ya kila siku. Upepo wa bahari huchukua chembe za chumvi na kuzitua juu ya kila kitu: juu ya nondo za dirisha, juu ya soketi, ndani ya sanduku la fyuzi. Chumvi kavu haipitishi umeme. Lakini chumvi ya kawaida ina tabia ya kuvuta maji kutoka hewani mara unyevu wa hewa unapozidi kiasi cha asilimia 75, hata ikayeyuka yenyewe. Kila mpishi wa pwani aijua tabia hiyo, maana huweka punje za mchele ndani ya kidau cha chumvi. Katika mwambao wa Afrika ya Mashariki unyevu wa hewa huvuka kiwango hicho usiku baada ya usiku. Basi utando wa chumvi uliotulia kati ya skrubu ya waya wa moto na bati la sanduku hugeuka kila usiku kuwa utando wa maji ya chumvi, na umeme huanza kutambaa juu yake. Jua likipanda hukauka. Ndiyo maana jokofu hupiga alfajiri na likanyamaza adhuhuri, na fundi akija saa sita mchana husema hajaona kosa.

Kuta nazo zina lao. Zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na mara nyingi mchanga wake ulichotwa pwani pasipo kuoshwa, kwa hiyo chumvi imo tangu siku ya kwanza. Vinyweleo vya chokaa huyanyonya maji kutoka chini kama utambi unavyonyonya mafuta. Soketi iliyochimbiwa katika ukuta wa namna hiyo, karibu na sakafu, haimo ndani ya ukuta mkavu. Imo ndani ya sponji. Skrubu za chuma hushika kutu, na shaba hufanya ukungu wa kijani.

Halafu kuna joto. Nyumba nyingi ambazo zamani zilikuwa na dari tambarare za boriti na chokaa zilizidishiwa baadaye mapaa ya mabati, na nyaya zikapitishwa chini ya bati. Nyaya za kisasa zenye ganda la plastiki ya PVC hupewa kiwango chake cha mkondo kwa kuchukulia kwamba hewa inayozizunguka ina joto la sentigredi 30. Hewa ikiwa ya sentigredi 40 haifai kuupitisha waya huo zaidi ya asilimia 87 ya kiwango hicho, na ikiwa ya sentigredi 50, asilimia 71 tu. Chini ya mabati saa nane mchana, sentigredi 50 si jambo la ajabu. Na hizo ndizo nyaya za kisasa. Ziko nyumba ambazo bado zina nyaya zilizowekwa kabla ya miaka ya 1960, zenye ganda la mpira na kitambaa. Mpira ule, baada ya miongo ya joto, hukauka na kuwa kama ganda la karanga. Ukiuacha bila kuugusa hukaa. Siku fundi anapoukunja ili afunge feni mpya, humomonyoka mikononi mwake, na shaba ikabaki uchi.

Nyaya hizo ziliwekwa kwa ajili ya taa chache na redio. Leo zinadaiwa birika la wati 2,000, pasi, jokofu, na mashine ya kupoza hewa inayofanya kazi usiku kucha. Joto linalotokea ndani ya waya huongezeka kwa mraba wa mkondo: mkondo ukiwa mara mbili, joto huwa mara nne. Waya wenyewe huenda ukastahimili, ila kiungo kilicholegea hakistahimili. Kiungo chenye kutu ambacho ukinzani wake ni nusu omu tu, kikipitiwa na ampea 10, hutoa wati 50 za joto mahali padogo kuliko kiberiti, karibu sawa na kifaa cha kulehemu kwa risasi kinachoachwa kikiwaka juu ya boriti ya mkoko iliyokauka kwa miaka mia. Hapa hata fyuzi nzuri haioni kitu, kwa kuwa ampea 10 ni mkondo halali. Harufu ya plastiki inayoungua, swichi yenye joto, taa zinazofifia birika linapowashwa: hizo ndizo dalili, na pua ya mpishi hushinda vifaa vyote katika kuzitambua.

Kifaa kinachomtazama mtu kipo, wala si kigeni. Dalziel mwenyewe alikibuni cha namna yake mwaka 1961 baada ya vipimo vyake, na kabla ya hapo vilikuwa vimetengenezwa vya jinsi hiyo kwa ajili ya migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini. Madukani hujulikana kwa herufi RCD, na kwa Kiswahili yafaa kuitwa swichi ya uvujaji. Namna inavyofanya kazi ni fizikia nzuri kuliko ya fyuzi. Waya wa moto na waya wa nyutro hupitishwa pamoja ndani ya pete ya chuma. Mkondo unaokwenda na mkondo unaorudi ukiwa sawa, usumaku wa mmoja huufuta usumaku wa mwingine, na pete hukaa kimya. Sehemu ya mkondo ikipotea njiani, ikapita katika bati la jokofu au katika kifua cha mtu hadi ardhini, usawa huvunjika. Usumaku uliobaki huamsha umeme mdogo katika koili ya tatu, na koili hiyo hufyatua swichi. Tofauti ya miliampea 30 yatosha. Kwa kiwango hicho swichi hukata katika muda usiozidi sekunde 0.3, na uvujaji ukiwa mara tano yake, katika sekunde 0.04. Pigo moja la moyo huchukua kama sekunde 0.8. Mtu atashtuka, pengine ataanguka, lakini moyo wake una nafasi.

Tena swichi hii haihitaji ardhi nzuri. Ile fimbo mbovu ya omu 40 iliyoishinda fyuzi hupitisha ampea 5.75, na kwa swichi ya uvujaji huo ni mkondo mkubwa mara 190 kuliko inaotaka. Hata fimbo ya omu 200 ingetosha. Kwa sababu hiyo hasa, katika nyumba ya kale ya mwambao swichi ya uvujaji ya miliampea 30 pamoja na fimbo ya ardhi iliyopimwa, si iliyofukiwa tu, vingepaswa kutangulia kila kitu kingine. Vitangulie rangi, vitangulie taa za mapambo, na kwa hakika vitangulie mashine ya kupoza hewa. Mwenye nyumba aliye na fedha za jambo moja tu mwaka huu na aanze hapo. Kubadilisha nyaya zote ni jambo jema, lakini ni gharama ya miaka, na wengi wanaolingojea hufanya hilo kuwa sababu ya kutofanya lolote.

Wako watakaosema kwamba wamekwisha kuijaribu swichi hiyo, ikawa inakatika kila usiku wa masika, samaki wakaoza ndani ya jokofu, hata fundi akaombwa aiunganishe kwa waya wa pembeni ili itulie. Lalamiko hili si la kudharauliwa; samaki ni chakula cha watu. Lakini swichi inayokatika kila usiku inasema kweli: umeme unavuja, na ilikuwa ukivuja miaka yote kabla haijafungwa. Dawa yake ni kugawanya nyumba. Jokofu lipewe swichi yake peke yake, soketi za chini zake, na za juu zake. Hapo yenye kosa itajulikana kwa kukatika kwake, na aghalabu huonekana kwamba ni soketi moja tu katika ukuta mbichi iliyokuwa ikiisumbua nyumba nzima.

Haifai pia kuisifu kupita haki yake. Mtu akishika waya wa moto kwa mkono mmoja na nyutro kwa mwingine, huku amesimama juu ya ubao mkavu, swichi itamhesabu kuwa ni taa na itamwacha. Haizuii nyaya kupata joto kwa kubebeshwa mzigo mkubwa. Kazi hiyo hubaki ya fyuzi au ya swichi ya kujifyatua yenye kiwango sahihi. Na hewa ya chumvi huitafuna kama inavyotafuna vyote, kwa hiyo kitufe chake cha kujaribia hakina budi kubonyezwa mara kwa mara. Kikibonyezwa na swichi isifyatuke, swichi hiyo ni pambo. Ziko nyumba zenye kisanduku cha zamani chenye kitufe kama hicho, ambacho huungwa katikati ya waya wa ardhi na fimbo. Hicho si kitu kimoja na hiki. Kile hutazama umeme uliopita katika waya wa ardhi pekee, na mtu akiugusa waya wa moto kwa mkono hakina habari naye.

Katika kuweka nyaya mpya, kuta za kale zinastahili adabu. Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, na humo mna Beit al-Ajaib ya mwaka 1883, ambayo hutajwa kuwa jengo la kwanza Unguja kuwashwa taa za umeme. Kuchimba mifereji katika ukuta wa chokaa na kuiziba kwa saruji ni kosa mara mbili: ukuta hudhoofika, na saruji huyafungia maji ndani, hapo hapo ulipo waya. Mapaipu ya plastiki yaliyofungwa juu ya ukuta kwa skrubu za shaba nyeupe au za chuma kisichoshika kutu hayapendezi macho ya kila mtu, lakini hukaa pakavu, na fundi wa miaka 20 ijayo ataweza kuyafungua bila tindo. Soketi nazo zapaswa kupandishwa mbali na sakafu.

Jenereta nazo zina habari yake. Unguja ilikaa takriban mwezi mmoja bila umeme mwaka 2008, na tena tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010, kwa sababu ya hitilafu katika njia ya umeme itokayo bara. Majenereta yalinunuliwa kwa wingi, na mengine yangali yapo. Kuiunga jenereta na nyumba kwa waya wenye plagi pande zote mbili ni kuupeleka umeme hadi barabarani, kwa fundi aliyepanda nguzo akiamini kwamba hakuna umeme.

Ama shule, haina haja ya kungoja muhtasari mpya wa masomo. Mita ya kupimia omu, ile inayotumia betri ndogo, yatosha. Mwanafunzi ashike ncha mbili za mita kwa vidole vikavu, asome. Kisha achovye vidole katika maji ya chumvi, asome tena. Tarakimu itaanguka mbele ya macho ya darasa zima, na kutoka hapo hesabu ya jokofu inaweza kufanywa ubaoni kwa dakika 10. Kazi ya kufanya nyumbani iwe ni kutazama tu, bila kugusa wala kufungua: je, katika sanduku la umeme kuna swichi yenye kitufe? Fyuzi zimefungwa kwa waya gani? Fimbo ya ardhi iko wapi, na nani aliipima, lini? Pasipo na jibu, mzazi na amwite fundi umeme mwenye leseni, aje alfajiri wakati wa masika, kabla jua halijakausha ushahidi.